Roketi ya maji inapogoma: dalili, chanzo na la kufanya

Roketi ikishindwa kupanda, ushauri wa kwanza kusikika uwanjani ni mmoja tu: ongeza presha. Imeyumba? Ongeza presha. Inavuja? Piga pampu haraka zaidi. Imeishia usawa wa mnazi? Ongeza. Ushauri huo ndio unaopasua chupa na kuumiza macho ya watoto, na mara nyingi hautibu kitu, kwa sababu chanzo cha hitilafu karibu kila mara kinaonekana roketi ikiwa imelazwa mezani, tupu, haijatiwa hewa. Humu presha ndiyo inayoguswa mwisho.

Roketi ninayoizungumzia zaidi ni ya maji: chupa ya soda ya plastiki iliyopinduliwa mdomo chini, maji kidogo ndani, kizibo chenye valvu ya tyubu, na pampu ya baiskeli yenye geji. Kwa mwanafunzi wa Mikindani, Newala au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, hiyo ndiyo roketi inayowezekana, maana fundi baiskeli anavyo karibu vifaa vyake vyote. Roketi za injini za baruti, zile zinazouzwa madukani Ulaya na Marekani, nitazigusa karibu na mwisho, na sitazigusa kwa upole.

Ili tuelewane, roketi nzima isiyo na ugonjwa iko hivi: chupa ya lita 2, maji mililita 600 hadi 700, presha PSI 40 (bar 2.8 hivi kwa geji zinazosoma bar), mapezi matatu au manne, na uzito wa gramu 120 hadi 150 ikiwa tupu. Hiyo inatosha kuvuka mnazi mrefu. PSI 60 ndiyo dari, na hapo sivuki hata nikibembelezwa. Anayepiga pampu akae mita 5 au zaidi kutoka kwenye roketi, amevaa miwani ya kukinga macho. Watazamaji wawe mita 15, nyuma ya mpiga pampu, na wawe wamesimama. Aliyekaa kwenye mkeka hawezi kukwepa.

Chupa ina weupe, mikunjo au imevimba

Anza hapa kila mara, hata kama malalamiko yako ni mengine. Chupa ya soda imetengenezwa kuhimili gesi. Ndiyo maana kitako chake kina vidole vitano vilivyochomoza. Chupa ya maji ya kunywa, ile inayominyika mkononi ukiishika, haikukusudiwa presha na haifai, hata kama zinalingana ukubwa.

Weupe kama ukungu kwenye plastiki unaonyesha mahali palipovutika kupita kiasi. Mkunjo mkali uliobaki baada ya roketi kutua kwa kichwa ni hivyo hivyo: hapo ndipo itakapopasukia. Mkwaruzo unaoshika ukucha, chupa hiyo ikapandwe miche. Joto nalo linahusika. Plastiki hii huanza kulainika kwenye nyuzi joto 70 na kitu, kwa hiyo gundi ya kuyeyusha kwa moto inadhoofisha ukuta wa chupa palepale unapobandika pezi, na chupa iliyokaa mchana kutwa ndani ya gari lililofungwa si ya kuaminiwa. Supa gluu hukakamaza plastiki ikawa rahisi kupasuka. Selotepu pana ya maboksi inatosha kwa kila kitu, na pezi likivunjika unabandua bila kujeruhi chupa.

Njia ya kujua kama chupa inafaa ni kuijaza maji mpaka juu, pasibaki hewa, kisha kuipampu hadi PSI 60 ikiwa ndani ya ndoo iliyofunikwa gunia. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo hayahifadhi nguvu. Chupa mbovu ikipasuka katika jaribio hili itakulowesha tu. Chupa hiyohiyo ikipasuka ikiwa imejaa hewa ni jambo jingine kabisa. Iliyofaulu iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Mimi huistaafisha baada ya kurushwa mara 10, au baada ya kutua vibaya mara moja, lipi litangulie. Chupa ni za bure. Jicho halina spea.

Pampu inapigwa lakini geji haipandi

Hewa inatoka mahali. Fundi baiskeli angezamisha tyubu kwenye beseni na kutazama mapovu. Nawe fanya hivyo kwa mdomo wa chupa, au paka povu la sabuni pale kizibo kinapoingia, pale valvu inapopita, na kila kiungio cha mpira wa hewa. Mwambao huu mkosaji mkuu ni mchanga. Punje mbili zikilala kati ya kizibo na shingo ya chupa zinatosha kufungua njia ya hewa, na kwa kuwa vijana hupenda kuweka chupa chini mdomo wazi, punje hazikosekani. Suuza kizibo kila mrusho.

Kizibo kilichochongwa kutoka soli ya kandambili hufanya kazi nzuri kama kimechongwa mviringo kweli, chembamba juu na kinene chini. Kilichokatwa kwa wembe haraka haraka huwa na pembe, na kila pembe ni mfereji. Kisugue kwenye sakafu ya saruji huku ukikizungusha. Valvu ikiwa ndiyo inayovuja, tepu nyeupe ya mafundi bomba na nati yake kukazwa vizuri humaliza kazi.

Geji isiyosogea kabisa wakati chupa inazidi kuwa ngumu mkononi ni mbovu. Acha mara moja. Wajaza upepo wa bodaboda wana geji, nenda ukalinganishe.

Inaruka kabla hujahesabu

Kizibo kinachoshikilia kwa kubana tu huachia kinapotaka chenyewe. Kikiwa na sabuni au maji huachia mapema, kikiingia nusu huachia mapema zaidi, na kikiingia upande husukuma roketi ikaondoka imelala. Kausha shingo, ingiza kizibo kwa kukizungusha, weka alama ya wino kuonyesha kina kilichokupa matokeo mazuri.

Tiba ya kudumu ni kufuli. Chupa zote za soda zina pete ya plastiki shingoni, chini kidogo ya mahali kifuniko kinapoishia. Toboa ubao wa kituo cha kurushia, pitisha misumari miwili mirefu ubapa ili iikalie pete hiyo kutoka pande zote mbili, ifunge kwa kamba ya mita 8, kisha vuta. Sasa roketi inaondoka kwa amri yako, kwa presha unayoijua, na unaweza kulinganisha mrusho huu na ule. Kabla ya kufuli, kila mrusho ni bahati nasibu na utatuzi wowote ni kubahatisha.

Kufuli au bila kufuli, pampu ikipigwa mara ya kwanza, kichwa cha mtu hakipiti tena juu ya roketi.

Umevuta kamba, kimya

Hii ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haitoi sauti. Geji inasoma 40, kamba imevutwa, roketi imesimama tuli, na mtoto mmoja tayari ameshainuka kwenda kuitikisa. Mzuie kwanza, sababu zitafuata.

Sababu zenyewe ni za kawaida: kizibo kimegongwa kwa jiwe kikazama mno, mchanga umekishika kama kabari, au chumvi ya bahari imeganda kwenye misumari ya kufuli na kutu ikaanza. Mpira ulioshinda juani huku umebanwa nao hunata. Yote hayo yanatibika mezani. Uwanjani swali ni moja: hewa itatokaje bila mtu kuisogelea?

Jibu linapaswa kuwa limejengwa kabla. Watu wengi huweka valvu ndani ya kizibo kwa kuwa ndivyo tyubu ilivyo. Matokeo yake hewa ikishaingia kwenye chupa hairudi, na geji iliyo upande wa pampu inasoma mpira wa hewa tu. Unaweza kuchomoa pampu, geji ikaonyesha sifuri, na chupa bado imejaa. Hamisha valvu. Kwenye kizibo pitisha mrija mtupu, unganisha mpira wa hewa wa mita 5 au zaidi, na valvu ya tyubu ya pikipiki iwe mwisho wa mpira huo, mikononi mwa mpiga pampu. Maji kidogo yatashuka ndani ya mpira, hayana madhara. Hewa itayapita ikibubujika. Siku roketi itakapogoma utachomoa pampu, utabonyeza sindano ya valvu kwa ncha ya msumari, maji yatakurukia miguuni na presha itashuka mbele ya macho yako. Mpira wenyewe uwe wa presha, wenye nyuzi ndani. Bomba gumu jeupe la PVC lisitumike kubebea hewa iliyobanwa. Likipasuka hutoa vipande vikali.

Kama umeshakwama na valvu iko ndani ya kizibo, ondoa watu wote mpaka mita 20. Subiri nusu saa kivulini, maana vizibo vingi huvuja polepole. Halafu mtu mzima mmoja, mwenye miwani, akiwa nyuma ya mlango wa mbao au ubao mpana, asukume kizibo kwa mwanzi mrefu roketi ikiwa bado imesimama wima kwenye kituo chake. Usiivute ikaanguka. Roketi iliyolala chini na ina hewa ndani itakwenda inakoelekea, kwa usawa wa magoti na matumbo.

Inatoka vizuri, kisha inapinduka hovyo

Malalamiko mengi yako hapa, na hapa ndipo ushauri wa kuongeza presha unapodhuru zaidi. Roketi isiyotulia ikipewa kasi kubwa haitulii. Inapinduka mbali zaidi, na hujui ni upande gani.

Kanuni ni ya mshale: uzito mbele, manyoya nyuma. Kwa lugha ya darasani, kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha roketi. Kwa chupa ya lita 2 hiyo ni sentimita 11 hivi. Na kumbuka chupa imepinduliwa: mdomo ndio mkia. Nimeona mapezi yamebandikwa kitakoni mwa chupa, kwa ustadi mkubwa, yaani puani. Roketi hiyo inafanya kila iwezalo kurudi nyuma, na inafanikiwa.

Kitovu cha uzito unakipata kwa kulaza roketi tupu, yenye pua na mwavuli wake (kitambaa cha kuishusha polepole) ndani, juu ya kidole mpaka isimame sawasawa. Weka alama. Kitovu cha msukumo wa hewa unakikadiria kwa kuchora kivuli cha roketi ubavuni, mapezi yakiwemo, kwenye kipande cha boksi. Kata mchoro huo, nao uusimamishe juu ya kidole. Alama ya pili ikiwa karibu na pua kuliko ya kwanza, au zimekutana, acha kupampu. Njia hii ya boksi ina wasiwasi kupita ukweli, jambo zuri.

Kisha jaribio la kuzungusha. Funga uzi wa mita 2 kwenye alama ya kitovu cha uzito, bana kwa selotepu usiteleze, zungusha roketi kichwani kwako mahali pasipo na watu. Pua ikitangulia, nenda ukarushe. Ikienda ubavu au mkia mbele, tatizo umelipata bila kutumia hata tone la maji.

Angalia pia inapindukia wapi, maana hapo ndipo palipo na jibu. Ikiyumba mita mbili za mwanzo kisha ikanyooka, maji ndiyo sababu: mwanzoni yote yamelala karibu na mkia, yanavuta kitovu cha uzito nyuma, lakini hutoka chini ya sekunde moja. Reli ndefu zaidi, au fimbo ya kuiongoza, inatosha. Ikipanda wima na kupinduka maji yakishaisha, basi umbo lake tupu ndilo lenye kasoro: pua nyepesi au mapezi madogo. Ikizunguka kwenye mhimili wake huku inapanda sawasawa, pezi moja limebandikwa mshazari; hilo si baya, linakula kimo kidogo tu. Iliyonyooka jana na kupinduka leo ina mapezi ya boksi yaliyolowa. Boksi hunywa maji mrusho wa kwanza na kulegea mrusho wa tatu. Tumia jalada la faili la plastiki au ubavu wa ndoo iliyopasuka, na yakate yote kwa kiolezo kimoja.

Uzito wa pua uwe gramu 30 hadi 50 za udongo wa mfinyanzi, ndani ya nusu ya mpira wa tenisi au mpira wa matambara. Jiwe, nati na betri kuukuu haviruhusiwi puani. Kitu hicho kitarudi chini siku moja bila mwavuli.

Inalalia upande mmoja

Watu wengi hudhani upepo unaisukuma roketi kule unakokwenda. Mwavuli, ndiyo. Roketi yenyewe inafanya kinyume: upepo unapiga mapezi yaliyo nyuma, mkia unasukumwa, pua inageukia upepo unakotoka. Kwa hiyo msimu wa kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, roketi ya Mtwara itainamia kusini na kusini mashariki, halafu mwavuli utairudisha kaskazini. Kaskazi ikiingia, Novemba hadi Machi, geuza hesabu. Watazamaji wasikae kwenye mstari huo, upande wowote.

Roketi inayolala sana wakati upepo ni mdogo ina mapezi makubwa kupita kiasi, au inaondoka taratibu mno kwa sababu ya maji mengi. Punguza mapezi kwa robo. Upepo ukiwa mkubwa hakuna pezi la kukusaidia. Vumbi na karatasi zikianza kuinuka, upepo umevuka kilomita 20 kwa saa, funga kazi. Kanuni za warushaji wa Marekani zinaweka mwisho kwenye kilomita 32 kwa saa, lakini roketi zao huondoka na reli zikiwa na kasi kuliko chupa yetu.

Wakati mzuri ni asubuhi mapema, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu, kabla upepo wa baharini haujaamka. Wengi huvutiwa na ufuko mpana wa maji kupwa, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hurudi mbali kweli, lakini kwenye pwani hii kupwa kwa bamvua huangukia saa nne asubuhi hivi: upepo umeshaanza, na huko nje kuna kina mama wanaochokoa pweza na wenye mashamba ya mwani, wote wameinama, hawatazami juu. Uwanja wa shule siku ya mapumziko ni bora. Ukichagua shamba la mikorosho lililo jirani, piga hodi kwanza. Juni hadi Agosti mikorosho iko kwenye maua, na roketi moja ikipita katikati ya matawi inaangusha korosho za mtu kabla hazijawa korosho.

Kaa mbali na njia za ndege za viwanja vya Mtwara na Kikwetu (Lindi). Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru iliporushwa kutoka mwambao wa Afrika Mashariki, ilitoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Mbele yake kulikuwa na maji matupu. Wenye mitambo ya mamilioni walichagua kwanza mahali pa kuangukia. Mwenye chupa hana sababu ya kuruka hatua hiyo.

Imepanda sawa, lakini kimo ni kidogo

Pima maji kabla ya kugusa kitu kingine. Yakiwa mengi, hewa iliyobaki haina nafasi ya kutosha kuhifadhi nguvu na roketi inabeba mzigo. Yakiwa kidogo, hewa inatoka bure bila cha kusukuma. Theluthi moja ya chupa ndiyo jirani ya kipimo bora. Tembea mililita 50 juu na chini, presha ileile, uone. Roketi nyepesi mno nayo hupungukiwa, hewa inaisimamisha haraka. Ongezea pua gramu 20. Haya yote yakishafanyika, chupa ni nzima na roketi inanyooka, ndipo upande kutoka 40 kwenda 50.

Mwavuli haufunguki

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na miavuli mingi ya roketi iliyokuwa ikikatwa kwenye rambo ikaishia hapo. Kitambaa cha mwamvuli wa mvua uliovunjika ni bora zaidi. Kipande cha nusu mita kinashusha roketi ya gramu 150 kwa mita 4 hivi kwa sekunde, mwendo usioumiza mtu. Toboa tundu la ukubwa wa sarafu katikati, litazuia kuyumba.

Usipofunguka, tazama pua kabla ya kulaumu kitambaa. Pua inayotakiwa kuchomoka yenyewe kileleni ikibana, haitoki. Ya karatasi huvimba kwa unyevu wa pwani, ikawa imetoka nyumbani inateleza na uwanjani imekaza. Ikae kwa uzito wake tu: ukipindua roketi mkononi, idondoke. Kama inadondoka hata ukiinamisha kidogo, itachomoka mapema roketi ikiwa na kasi, na nyuzi zitakatika. Kitambaa kilichokunjwa usiku kucha hunata kwa unyevu na chumvi. Kikunje uwanjani, dakika za mwisho, na ukinyunyizie poda ya mtoto. Nyuzi zipangwe kwa zigizaga juu yake, zisizungushwe.

Roketi inayoshuka bila mwavuli haidakwi. Paza sauti, nyoosha kidole, kila mtu aitazame mpaka iguse ardhi.

Injini ya baruti imekataa kuwaka

Kuna watu hupata seti kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo. Mbao, karatasi na plastiki hazina shida. Injini ndizo zenye shida: ni vilipuzi, haziruhusiwi kwenye begi la ndege, na baruti nchini ina sheria yake na vibali vyake. Ambaye hana kibali hana hitilafu ya kutatua. Arudi kwenye maji.

Mwenye kibali, injini ikikataa: toa ufunguo wa usalama kwenye kiwashio, tenga betri, subiri sekunde 60 kamili, ndipo asogee mtu mmoja. Kisa cha kawaida ni waya wa kiwashio usiogusa baruti ndani ya tundu, au vibanio viwili vimegusana, au kutu ya hewa ya chumvi kwenye vibanio. Visugue kwa msasa. Betri dhaifu huonekana taa ya kiwashio inapofifia ukibonyeza. Kiberiti na utambi havina nafasi. Uwashaji ni wa umeme, kutoka mita 5 kwa injini ndogo na mita 9 kwa kubwa.

Mwavuli ukitoka mapema au roketi ikiwa imeshaanza kudondoka, soma maandishi ya injini. B6-4 maana yake kundi la nguvu B, wastani wa msukumo nyutoni 6, na sekunde 4 za kusubiri kabla ya kutupa mwavuli. Tarakimu ya mwisho ndiyo unayoibadilisha. Chini ya injini pawe na bamba la chuma, na ardhi ifyekwe mpaka udongo uonekane. Majani makavu ya mikorosho mwezi Septemba na paa za makuti hazisubiri cheche ya pili.

Na lipo jambo la huku kwetu. Mashamba yana mifuko ya salfa ya kupulizia ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho, na kijana aliyesikia darasani kwamba salfa imo kwenye baruti huanza kuwaza. Hapo hakuna dalili wala chanzo cha kujadili. Baada ya Sputnik, setilaiti ya kwanza, iliyorushwa na Wasovieti Oktoba 4, 1957, vijana wa Marekani walijitengenezea injini majumbani na wengi waliumia mikono na macho. Injini ya kiwandani iliyofungwa tayari, ambayo mwenye duka la viatu Orville Carlisle aliianza mwaka 1954 na G. Harry Stine akaisambaza, ilipata soko kwa sababu hiyo. Waliokuwa na maabara na madaktari jirani waliona heri kununua. Mfuko wa salfa ubaki ghalani, na mwenye ghala aambiwe.

Imenasa

Juu ya mkorosho, mwite mwenye shamba. Juu ya mnazi, mwite mkwezi umlipe, usipandishe mtoto. Kwenye mbuyu, tazama kwanza kama kuna nyuki kwenye shimo lake. Ukisikia mvumo, roketi ni ya mbuyu sasa. Iliyoangukia baharini ifuatwe kama iko kwenye kina cha magoti tu na maji yanapwa. Yakijaa, ikumbukwe ni plastiki, mwombe mwenye mtumbwi aiokote.

Ikining'inia kwenye waya wa umeme haiguswi kwa mwanzi, kwa kamba, wala kwa jiwe. Uzi wa mwavuli uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme. Weka mtu wa kuzuia watoto, piga simu TANESCO, na mrusho unaofuata hamisha kituo mpaka nguzo ya karibu iwe mbali kuliko kimo ambacho roketi yako inafika.